Pikapu iliyotumika ya kubebea kahawa milimani: Hilux, D-Max au L200?

Mnunuzi wa Kisinga
Habari za kazi ndugu zangu. Mimi nanunua kahawa kwa wakulima wa milimani huku Kasese, Uganda, kuanzia Kisinga kupanda Kyondo hadi Kyarumba. Miaka minne nimebebea gari dogo la abiria nililong'oa viti vya nyuma. Mvua ikinyesha naliacha bondeni, nalipa bodaboda wateremshe gunia mojamoja, na faida yote inaishia kwao. Sasa nataka kuliuza niongezee, nitafikisha kama shilingi milioni 38 za Uganda. Naangalia Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Mitsubishi L200, zote dizeli na fowili (tairi zote nne zinavuta). Mzigo wangu ni gunia 20 za kilo 60. Nisaidieni, hii hela ni ya jasho na sina nyingine.

Fundi wa Arua
Mzee shikamoo. Tuanze na mzigo kabla ya jina la gari. Gunia 20 za kilo 60 ni kilo 1,200. Hizo pikapu zote tatu ni za tani moja hivi, yaani gunia 16. Watu wanaongeza springi nyuma wanadhani wamemaliza, kumbe uzito umehamia kwenye chesisi (fremu ya chini ya gari) na difu (inayopeleka nguvu kwenye tairi). Pakia 16, rudi safari ya pili.

Injini sasa. Ukipata Hilux ya zamani yenye injini ya 5L ya kawaida, lita 3.0, haina turbo wala kompyuta. Inapanda polepole, lakini fundi yeyote wa kijijini anaifungua. Hilux zilizofuata zina injini ya 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0. Zina nguvu, ila nozo zake (zinazopulizia dizeli ndani ya injini) hazivumilii dizeli chafu. Wewe unayenunua dizeli ya madumu huko juu, hilo ni tatizo lako. D-Max yenye injini ya 4JJ1 nayo ina nozo za namna hiyo, ila taimingi yake (inayofanya valvu ziende sawa na pistoni) ni ya cheni, si mkanda. Kwa kuvuta mzigo mlimani mimi naipenda kuliko zote.

Mama Busia
Fundi, L200 umeiruka! Yangu ina injini ya 4D56 na ni mwaka wa saba inabeba mahindi na maharage. Siri ni mikanda. Ina miwili, wa taimingi na ule mdogo wa balansi, na yote hubadilishwa pamoja. Siku niliyoinunua sikumsikiliza muuzaji aliyesema imeshabadilishwa. Niliipeleka gereji kabla haijabeba hata gunia moja. Mkanda ukikatika safarini, injini inaharibika kichwa. Usimwogope L200 mwanangu, bei yake ni ya chini na hiyo akiba inakulipia mikanda na tairi mpya nne.

Fundi wa Arua
Kweli mama, nimekosea kuiruka.

Dereva wa Gulu
Mimi nitasema jambo moja tu, kwa sababu limeniumiza. Pikapu yangu ya kwanza niliambiwa ni "safi ya Japani". Rangi inang'aa, viti bado vina nailoni. Miezi mitano baadaye nikiwa na mawe ya ujenzi, bodi ya nyuma ikalala upande mmoja. Chesisi ilikuwa imeoza pale springi inapofungwa, wakaziba kwa kipande cha bati na rangi nyeusi nzito.

Baadaye ndipo nikajifunza: Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikurudi sokoni kule hadi 2017. Kwa hiyo Hilux ya 2010 au 2012 mara nyingi ilitumika Thailand au Uingereza, hata kama aliyeisafirisha ni kampuni ya Japani. Ya Uingereza iangalie mara mbili, kwa sababu kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi na chuma huliwa kutoka chini. Beba nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya mfu na kutema maganda.

Kijana wa Mbarara
Kwa nini asinunue Canter tu, lile lori dogo? Gunia 20 hata halizisikii.

Mnunuzi wa Kisinga
Ndugu, nimeifikiria. Lakini za kawaida hazina fowili, na ile njia ya Kyondo ikilowa ni sabuni. Nitakuwa nimerudi kwa bodaboda. Je, niagize kutoka nje au nitafute iliyo hapa?

Fundi wa Arua
Kuagiza nje, sheria ya Uganda ya 2018 inakataza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo 5L ya zamani huwezi kuingiza tena. Tafuta zilizo humu nchini, zile zenye namba za usajili za Uganda zinazoanza na UA. Angalia na minada ya mashirika ya misaada. Huku kwetu West Nile yanauza pikapu baada ya miaka ya kuzunguka kambi za wakimbizi. Zimepigwa na barabara, lakini nyingi zina daftari la huduma, na hilo daftari lina thamani.

Siku ya kukagua, fika asubuhi kabla ya muuzaji kuiwasha. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, iwashe mwenyewe, kisha legeza kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Kikirukaruka na moshi ukisukuma nje kwa nguvu, pistoni na ringi zimechoka. Namba ya chesisi ya Hilux imepigwa kwenye chuma cha kulia karibu na tairi la mbele. Isugue kwa kitambaa, ilinganishe na logibuku (kitabu cha usajili wa gari) tarakimu kwa tarakimu.

Mama Busia
Na fowili uijaribu kwenye matope, si kwenye lami mbele ya duka lake.

Mnunuzi wa Kisinga
Nimerudi baada ya wiki tatu. Ya kwanza niliikuta Fort Portal, nikagonga nyundo, ikadondosha ganda la kutu refu kama kidole. Nikashukuru nikaondoka. Ya pili ni Hilux 5L, kebini moja, ya mzee mmoja wa shamba la chai, milioni 34. Boneti ilikuwa baridi, kifuniko kilitulia. Juzi nimepanda Kyondo na mvua, gunia 16, gia ya pili mwendo wote. Dereva, ile nyundo sasa inakaa chini ya kiti.

Fundi wa Arua
Hongera mzee. Hizo milioni nne zilizobaki zitumie kwa huduma ya gari kabla ya msimu. Oili ya difu zote mbili na ya giaboksi, kisha mkanda wa taimingi, maana hata 5L inao.