Mrejesho: mdogo wangu na kozi ya udalali wa nyumba Florida

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kutoka hapa Mikindani kama mdogo wangu, anayesomea leseni ya udalali wa nyumba na viwanja huko Florida, angefutiwa kozi kwa kukosa saa 7 za darasa lake la Jumamosi alipokuja kumzika mama. Hakufutiwa, kwa kuwa katika kozi hiyo ya saa 63, ambamo saa moja huhesabiwa dakika 50, mwanafunzi huruhusiwa kukosa saa zisizozidi 8; aliyenitisha alinikosesha usingizi bure. Kilichomkwamisha ni mtihani wa mwisho wa kozi: alipata alama 66 badala ya 70, hivyo atasubiri siku 30 ndipo aurudie, na akishindwa tena ataisoma kozi upya. Mtihani wa jimbo, unaodai 75, bado haujafikiwa.