Joto la Dodoma linaharibu insulini, halafu anafokewa mgonjwa

Wakuu, kila ikifika Septemba mpaka mvua za Desemba ni yale yale. Mgonjwa wa sukari anapewa insulini dirishani kwenye mfuko wa kaki, haulizwi kama ana friji, anapanda bodaboda saa saba mchana kurudi Bahi au Chamwino. Huu ni uzembe!

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi joto 2 hadi 8. Ikishafunguliwa, nyingi zinavumilia wiki 4 tu, tena pasipozidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina. Chumba cha bati mwezi wa kumi kinapita hapo mchana. Dawa inapoteza nguvu, sukari inapanda, na kliniki anaambiwa anakula hovyo. Dozi inaongezwa. Siku akipata chupa ambayo haijaharibika, dozi ile iliyoongezwa inamshusha sukari mpaka anazimia.

Asiye na friji afundishwe: chungu kikubwa, kidogo ndani yake, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kivulini panapopita upepo. Maji yaongezwe asubuhi na jioni. Hewa yetu ni kavu, maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Pwani kwenye unyevu mbinu hii ni dhaifu. Chupa ikae kwenye kopo lenye mfuniko. Hiyo ni ya chupa inayotumika tu. Akiba ibaki kwenye friji ya zahanati. Barafu isiiguse, maana insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Ile nyeupe ikibaki na mabonge baada ya kuviringishwa viganjani, au ile angavu ikiingia ukungu, itupwe pia.

Halafu hili la "kunywa maji mengi" kwa kila mtu. Mwenye moyo ulioshindwa kazi, aliyepangiwa kiasi cha maji, akizidisha anavimba miguu na kukosa pumzi. Anayemeza vidonge vya kutoa maji akitoka jasho kutwa, presha inadondoka na figo zinaumia. Wote wawili waitwe kabla ya Oktoba, wapimwe uzito na presha wakiwa wamekaa na wakiwa wamesimama, daktari aangalie dozi upya. Wasijipunguzie dawa wenyewe.

Na vumbi? Boza linamwaga maji alfajiri, saa nne barabara imekauka, malori ya kifusi yasiyo na turubai yanapita mbele ya zahanati. Jioni watu wanachoma taka. Moshi huo una chembe za chini ya mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) zinazopenya mapafu hadi kwenye damu. Haziamshi pumu tu, zinachangia kiharusi na shambulio la moyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishauri zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. Barakoa ya kitambaa haizizuii.

Tunataka kipimajoto kila chumba cha dawa, kisomwe na kuandikwa mara mbili kwa siku. Kliniki za sukari na presha zianze asubuhi na mapema msimu huu, foleni iwe kivulini. Boza lipite hata mchana.

Wa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Singida, kwenu hali ikoje? Tajeni eneo na tatizo, majina ya wagonjwa msiyaweke.