Naomba ushauri: kuosha chumvi na sodiamu katika majaruba, Magu

Ndugu wakulima na mabwana shamba, nina ekari 2 za majaruba (mashamba ya mpunga yenye matuta ya kuzuia maji) karibu na Ziwa Victoria, wilayani Magu. Kiangazi udongo hufunikwa na ukoko mweupe, na mvua ikinyesha maji hutuama siku nyingi bila kuzama. Maabara imepima upitishaji umeme, yaani kipimo cha wingi wa chumvi, desisimensi 7 kwa mita, na sodiamu iliyoshikwa na udongo asilimia 22, ilhali mipaka inayotumika, ambayo ikizidi udongo huhesabiwa kuwa na chumvi na sodiamu nyingi mno, ni 4 na 15.

Ninaelewa kwamba nikitumia maji ya ziwa peke yake, ambayo yana chumvi kidogo sana, chumvi itashuka lakini sodiamu itabaki imeshikamana na udongo na kuufanya uzibe kabisa. Ndiyo maana jasi, madini yenye kalsiamu, hutangulia, ili kalsiamu yake ichukue nafasi ya sodiamu, kisha maji yaisukume chini ya mizizi.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni mifereji ya kutolea maji, kwa kuwa maji ya ardhini yapo mita 1 tu chini. Niichimbe kwa kina gani, na maji hayo ya chumvi niyaelekeze wapi bila kumharibia jirani aliye bondeni? Shamba hili aliniachia marehemu baba, nami sitaki kulitelekeza.