Kuhubiri jamii ya hiari ukiwa barabarani: ni ushahidi au ni matembezi?

Mleta mada

Wakuu, kuna jambo limenikaa kichwani muda mrefu, naomba tulichambue.

Marekani kuna watu wanaoamini jamii inaweza kwenda kwa makubaliano ya hiari matupu: hakuna kodi ya lazima, na kila huduma inalipiwa na anayeitaka. Fikra yenyewe si ya jana. Auberon Herbert, aliyekuwa mbunge wa Nottingham kule Uingereza miaka ya 1870, baadaye alitetea kodi iwe mchango wa mwenye kupenda. Wafuasi wa leo wana namna yao ya kuieneza: baadhi wameachana na nyumba, wakanunua gari la kuishi, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, wanazunguka jimbo hadi jimbo wakihojiana na watu na kurekodi video. Vijana waliofanya hivyo mwaka 2009 walipata wafuasi wengi, na wengine wakafuata nyayo.

Hoja yangu: maisha hayo hayathibitishi chochote. Sisemi ni wanafiki, hilo naliacha. Nasema wahenga walikwisha maliza kazi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wenzetu siku ya tatu wako jimbo jingine. Kuelewana na watu kwa hiari wakati ufunguo wa gari uko mfukoni, nani anashindwa? Shida huanza pale unapokaa, mtaro ukaziba, jirani akakataa kuchanga.

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umezunguka mbuyu bure. Hoja ni moja tu: lami. Barabara kuu zinazounganisha majimbo zilijengwa kwa sheria ya 1956, serikali kuu ikabeba asilimia 90 ya gharama. Mtu anapinga kodi huku matairi yake yanazunguka juu ya kodi. Ashuke, apite porini.

Mchangiaji wa 2

Hii ya "na barabara je?" imechoka. Ukilazimishwa kulipia chakula usichoagiza, kukila si unafiki. Na wanalipa: kila galoni ya petroli ina kodi ya serikali kuu senti 18.4, kiwango kilekile tangu 1993, na magari hayo yanakunywa mafuta hasa. Halafu usidhani barabara ilizaliwa na serikali. Miaka ya 1790 kampuni ya wanahisa ilijenga ile ya Philadelphia hadi Lancaster, maili 62, ikajilipa kwa ushuru wa wapitaji. Serikali ya jimbo ilitoa kibali.

Mchangiaji wa 1

Senti 18.4 hazitoshi ndugu yangu. Tangu 2008 Bunge la Marekani limekuwa likichota hazina kuu kuziba pengo la mfuko wa barabara. Yaani hata asiye na baiskeli anamsukuma mhubiri wako.

Mchangiaji wa 3

Nimesoma nikacheka, maana mimi niliishi kwenye gari la kuishi mwaka mmoja na miezi, sehemu kubwa nikiongozana na watu wa mrengo huo. Sikuwa muumini, nilipenda kampani. Niwaambie yalivyo.

Kwanza, huwezi kuishi barabarani bila serikali kujua unaishi wapi. Leseni na namba za gari zinataka jimbo. Wengi huchagua South Dakota: unalala usiku mmoja, unaonyesha risiti ya malazi, unapewa anwani na kampuni inayopokea barua za wasafiri, basi umekuwa mkazi. Nimemwona mtu anayeapa hatambui mipaka ya majimbo akilinganisha ada za majimbo matatu usiku kucha.

Pili, pa kulala. Maegesho ya baadhi ya maduka makubwa ya Walmart wanakuruhusu usiku mmoja, na hapo nadharia inafanya kazi vizuri kabisa: mwenye mali ameruhusu, wewe asubuhi unanunua mkate, hakuna aliyelazimishwa. Lakini sehemu nzuri, zile za kukaa wiki mbili bila kulipa, ni ardhi ya umma ya serikali kuu huko magharibi. Siku 14, kisha unahama. Arizona tulikuwa tumejipanga jangwani, kila gari lina paneli za sola, tunahubiri uhuru kwenye kiwanja cha serikali. Hakuna aliyelitaja. Labda mimi tu nililiona.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu mleta mada. Kila gari lina tangi la maji ya chooni, na lazima ukalimwage kituoni, kwa kawaida kwa kulipia. Asubuhi moja tukakuta mtu amefungua tangi lake palepale karibu na magari. Tulikuwa kumi na kitu. Tukaitana, hakuna kiongozi, hakuna aliyeamuru. Watu wakatoa koleo, chokaa, mmoja akatoa maji yake ya kunywa, na kabla ya saa tano pamesafishwa. Sijawahi kuona kazi ya pamoja nzuri vile. Ila gari la mhusika halikuwepo.

Mchangiaji wa 2

Si umeona? Pamesafishwa bila amri.

Mleta mada

Nimeona, na nimeona pia nani alilipa: wasiokosea. Mara moja inapendeza, mara ya sita je?

Tutazame walioamua kukaa. Mradi wa Free State, ulioanzishwa na Jason Sorens mwaka 2001, ulilenga watu 20,000 wanaotaka serikali ndogo waahidi kuhamia jimbo moja. New Hampshire ilichaguliwa 2003, idadi ikatimia Februari 2016. Sasa twende Croydon, mji wa watu kama 800 katika jimbo hilo. Machi 2022, kwenye mkutano wa mji, mkazi wa mrengo huo alipendekeza bajeti ya shule ishuke kutoka dola milioni 1.7 hadi 800,000. Waliohudhuria wakapitisha, 20 kwa 14. Mei ukaitishwa mkutano maalumu, bajeti ikarudishwa kwa kura 377 dhidi ya 2. Hiyo ndiyo siku ya tatu na jembe lake.

Mchangiaji wa 2

Unachanganya. Croydon walitumia kura, na kura ni wingi kumlazimisha mchache. Muumini wa kweli wa hiari hapigi kura kabisa, kwa hiyo huo si mtihani wake. Na haki ya kuondoka unayoibeza ndiyo msingi wenyewe: makubaliano usiyoweza kuyatoka si makubaliano.

Mleta mada

Hapo umenibana kidogo, nakiri. Kuondoka ni haki. Lakini mtoto wa darasa la nne haondoki, na kisima hakina magurudumu. Ukijenga hoja nzima juu ya anayeweza kuwasha gari, unawazungumzia wachache.

Mchangiaji wa 3, yule wa tangi mlimpata?

Mchangiaji wa 3

Wapi. Kuna aliyekumbuka kwamba namba zake zilikuwa za South Dakota. Kama magari mengi pale, na langu pia.