Wakuu, yule mwenyeji wetu wa Berlin kaniwekea KIDOLE MDOMONI mbele ya yule mjusi wa kwetu Lindi, dinosaria

MwanaMchinga (mwanzisha uzi)

Wakuu naandika nikiwa kwenye treni, mkono unatetemeka, makosa ya herufi mnivumilie.

Yule mtu mnamjua. Simtaji jina maana atasema namchafua, ila mnamjua, yule mwenyeji wetu wa Berlin, mgeni hajatua vizuri ashamdaka, "karibu sana, makumbusho zote za huku nazijua kama chumba changu, nipe euro 25 tu nikuzungushe". Yule wa skafu. Shingo moja, skafu tatu, mwezi wa sita, jua linawaka.

Leo kaniwekea kidole mdomoni.

Sio kwamba kaninyooshea. KANIWEKEA. Hapa kwenye lipsi. Kidole kina sosi ya kitunguu saumu ya ile döner (mkate wa nyama wa Waturuki) aliyokuwa anakula sisi tunamsubiri dakika arobaini. Mimi nina watoto wanne, kijijini nikisimama kwenye mkutano hata mbuzi wananyamaza, leo nazibwa mdomo kama mtoto wa chekechea.

Ngoja nianze mwanzo maana nikiendelea na kidole nitaitupa simu dirishani.

Asubuhi katupeleka Museumsinsel, kile kisiwa cha makumbusho, zipo tano zimepangana. Tuko wanne. Altes tukapita nje, Bode tukapita nje, anasema "hizo baadaye", katupeleka moja kwa moja Pergamon. Wakuu, Pergamon imefungwa! Imefungwa yote tangu Oktoba 2023, upande mmoja ndio wanasema 2027, kumaliza kabisa 2037, mwanangu wa mwisho atakuwa anaoa. Yeye kasimama kwenye uzio anatuonyesha mabati na winchi, "humu ndani kuna lango la Ishtar kutoka Babeli, zuri mno, la bluu". Tunaangalia winchi. Winchi hata bandari ya Mtwara zipo na haulipi 25.

Basi tukaingia Neues Museum kumuona Nefertiti. Hapo sibishi, yule mama nimemkubali, yuko peke yake chumbani, jicho moja halina mboni, miaka zaidi ya 3,300 na shingo bado imenyooka vile. Nikawaza wake za watu wanavyohangaika na poda. Chumba kile picha hazipigwi. Mwenyeji katwambia zinapigwa, "mimi hapa wananijua". Mama mmoja wa Tanga tuliyekuwa naye akatoa simu, mlinzi akamfuata kwa adabu zote, na mwenyeji ghafla hatujui, kageukia ukutani anasoma maandishi. Mtu unayemlipa anajifanya mtalii!

Mchana ndio tukaenda kwenye lile jumba la mjusi, Museum für Naturkunde. Kuna loka za mabegi, unatumbukiza sarafu ya euro 1, ukifungua sarafu inarudi. Sarafu yangu. Ilirudi kweli, ikarudi mfukoni kwake. Hiyo nimesamehe.

Sasa wakuu. Unaingia ukumbini, unainua kichwa, unaendelea kuinua, kofia inadondoka. Mita 13 na senti 27 kwenda juu. Mifupa imetoka Tendaguru, KWETU, mwendo wa siku nne kwa miguu mpaka Lindi bandarini, ilichimbwa 1909 mpaka 1913, tani kama 230 zilipakiwa meli. Na mjue Maji Maji ilikuwa imeisha juzi tu 1907, watu wametoka kwenye njaa wanapewa mifupa wabebe. Kwetu tunahadithiwa babu yake babu yangu alikuwa mpagazi kwenye kazi hiyo. Nimemsikia huyu mjusi tangu nazaliwa, leo nimesimama chini ya mbavu zake. Machozi yananilenga. Ndio namwambia yule mama wa Tanga "dada, haya madude wazee wetu waliyabeba vichwani, pekupeku…"

Kidole hiki hapa.

"Shiiii! Hapa sio mnadani."

Halafu, hili ndilo linaniua, kageukia familia ya wazungu iliyokuwa pembeni kawaambia "sori". Anawaomba msamaha kwa ajili yangu! Mimi! Chini ya mjusi wangu! Kisha kaanza kuwaelezea wale wazungu kwamba mnyama huyu katoka "karibu na Serengeti".

SERENGETI.

Rais wao Steinmeier alifunga safari mpaka Songea 2023 akaomba radhi. Huyu wa skafu kashindwa kuomba radhi umbali wa hatua mbili.

Nauliza tu, huyu mtu anajiona nani? Na nitoe vipi harufu ya kitunguu saumu kwenye masharubu?

—

Bwana_Nauli
Mimi siti ya mbele kabisa na karanga zangu 😂😂

Kipepe
Kidole cha mkono gani mkuu? Kama cha kushoto hiyo ni kesi nyingine.

MwanaMchinga
Cha kulia. Cha shahada kabisa.

Kipepe
Basi umebarikiwa, nenda kaoge.

Dada_wa_Wedding
Mimi ndiye huyo mama wa Tanga. Kaka yangu sema na upande wako. Hukuwa unaongea, ulikuwa unaita abiria. "MADUDE HAYA!" mpaka mtoto wa watu akaanza kulia. Na huku umeshika sambusa. Mbele ya mifupa ya watu. Makombo yanadondoka nakufuata nyuma naokota.

MwanaMchinga
Dada sambusa ulinipa wewe!

Dada_wa_Wedding
Nilikupa ule nje.

Bwana_Nauli
Uzi umegeuka 🤣🤣🤣 chai ilikuwa nzuri imeingia chumvi

Kipepe
Sista tuambie ukweli, kidole kiligusa au hakikugusa?

Dada_wa_Wedding
Hakikugusa. Kilisimama hivi karibu na pua.

MwanaMchinga
KILIGUSA. Nina ladha ya sosi mpaka sasa hivi. Mimi ndiye mwenye mdomo au wewe?

Mnyonge_Mnyongeni
Mwenyeji huyo mimi alinilipisha 30. Wewe wa 25 una bahati, shukuru. Alinipeleka Jumatatu, siku ambayo nyingi zimefungwa, tukazunguka kuangalia milango. Mpaka leo nikiulizwa Berlin ikoje nasema ina milango mizuri.

Fundi_Mifupa
Mleta mada pole ila umepitwa na mengi. Lile fuvu uliloliona kule juu ni nakala, la kweli ni zito wameliweka pembeni chini, pale ndio ungelia. Na sio mjusi mmoja pale, ni mifupa ya zaidi ya mmoja imeunganishwa. Walimsimamisha 1937, wakamvunja na kumpanga upya, 2007 akasimama tena kwa mkao mwingine maana ule wa kwanza miguu ya mbele walimpinda kama mjusi kafiri. Kitaalamu anaitwa Giraffatitan brancai.

Halafu wewe si Mmwera? Kuna dinosaria mwingine wa hapohapo Tendaguru kapewa jina 2019, Wamweracaudia keranjei. Wamwera, kabila lako! Na Keranje ni kwa ajili ya Mohammadi Keranje. Mwingine Australodocus bohetii wa 2007, huyo ni kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wetu aliyekuwa anaongoza wachimbaji. Kabila lako lina dinosaria wewe unalia na kidole.

MwanaMchinga
Mkuu haya yote nimeyasikia leo kwako. Mwenyeji wa euro 25 alituambia "ni mkubwa sana, si mnaona".

Kipepe
Hakudanganya lakini.

Old_Moshi_Original
Nyie wa mjusi mna raha sana. Mjusi wenu anaonekana, kasimama, taa zimempiga. Sisi Wachaga wa Moshi, mtawala wetu Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani 1900, inasemekana kichwa kililetwa huko Ujerumani, ukoo unakitafuta mpaka kesho. Watu wanatafuta KICHWA wewe unalia kidole.

Bwana_Nauli
Duh. Hapa nimeweka karanga chini.

Mpokomo_Halisi
Na sisi wa Tana River tusemeje? Ngadji, ngoma yetu takatifu, Waingereza waliichukua, iko British Museum tangu 1908, tena stoo! Haionyeshwi hata. Mjusi wa Lindi watoto wanapiga naye selfi, ngoma ya Wapokomo iko gizani miaka yote hiyo. Mkilia lieni kwa zamu.

Nairobi_Mtulivu
Wueh. Mimi niko London, British Museum naingia bure kabisa, hakuna mtu wa skafu wa kunilipisha, nimesimama mbele ya lile jiwe la Rosetta, la maandishi ya Misri ya kale, nikaona vichwa vya watu tu. Nikasema wacha niende kwa vitu vya kwetu nione. Nikalala kwa benchi. Miguu jameni. Kwani hizi makumbusho haziwezi weka viti?

Kipepe
Hoja ya viti naiunga mkono. Makumbusho za Ulaya zimejengwa na mtu mwenye chuki na visigino.

Mnyonge_Mnyongeni
Visigino tu? Mimi nilifunga safari mpaka Paris kumuona Mona Lisa, nimefika Louvre ni Jumanne. Jumanne wanafunga! Nikalala Paris siku ya pili nikarudi, nimeingia, kile kipicha ni sentimita 77 kwa 53, kiko nyuma ya kioo, mbele yako simu mia tano zimenyanyuliwa. Nina picha ya simu ya Mchina inayopiga picha ya Mona Lisa. Ndiyo wasapu profaili yangu.

Bwana_Nauli
Jumatatu umekuta Berlin imefungwa, Jumanne Paris imefungwa. Mkuu tatizo sio makumbusho, tatizo ni wewe na kalenda.

Mzee_wa_Kitaa_Koeln
Mnabishana makumbusho wakati ukumbi wa Humboldt Forum pale Berlin, lile kasri walilolijenga upya, ile mikusanyo ya Afrika unaiona bila kiingilio. Sasa mtu kalipishwa 25 kwenda kuangalia winchi. Watanzania tukifika Ulaya tunapenda kushikwa mkono.

MwanaMchinga
Mzee nilikuwa mgeni, nimeletwa na semina siku tano, ningejuaje.

Mzee_wa_Kitaa_Koeln
Ungeuliza humu bure. Tungekutukana lakini tungekujibu.

Fundi_Mifupa
Swali la msingi ni je mjusi arudi nyumbani au abaki? Mimi nasema akirudi ajengewe jumba la maana pale Lindi.

Old_Moshi_Original
Arudi akae wapi? Mtamuanika?

Kipepe
Atafungiwa kwenye kontena, ufunguo anao afisa aliye likizo.

Mpokomo_Halisi
Rudisheni ngadji kwanza, hiyo haihitaji jumba la mita 13.

Nairobi_Mtulivu
Kwani mjusi ni mzito kuliko ngoma? Si ni foleni tu.

MwanaMchinga
Jamani tulikuwa tunaongelea kidole.

Mnyonge_Mnyongeni
Wenye uzoefu, ile döner ya Berlin ni ya wapi nzuri? Nataka nirudi mwezi ujao, safari hii Jumatano.

Mzee_wa_Kitaa_Koeln
Mitaa ya Neukölln au Kreuzberg huwezi kukosea. Omba sosi tatu, ya pilipili, ya majani na ya kitunguu saumu.

Kipepe
Ya kitunguu saumu muulize mleta mada, anayo mdomoni 🤣

Bwana_Nauli
😂😂😂😂 nimekufa

MwanaMchinga
Kwahiyo mnakubali kwamba KILIGUSA. Asanteni.

Dada_wa_Wedding
Hakikugusa. Sosi ni ya sambusa yangu, niliweka kitunguu saumu kwenye chatine.

Fundi_Mifupa
Ebwana ee.

Nairobi_Mtulivu
Kesi imefungwa, mashahidi waende nyumbani.

MwanaMchinga
Hata kama! "Sori" aliyowaambia wazungu nayo ilikuwa ya chatine? Serengeti nayo chatine?

Kipepe
Dada kwani hizo sambusa unauza?

Dada_wa_Wedding
Nauza. Tatu euro 5, nyama au dengu. Jumamosi nakuwa na vitumbua pia. Anayetaka anicheki pembeni.

Mzee_wa_Kitaa_Koeln
Köln unatuma?

Dada_wa_Wedding
Mtu akiwa na safari nampa, posta hapana, zinafika zimelala.

Mnyonge_Mnyongeni
Mimi Jumatano hiyo nakuja niwekee kumi za dengu. Na makumbusho nitaenda mwenyewe na ramani.

Old_Moshi_Original
Uzi wa mjusi umekuwa mgahawa.

MwanaMchinga
Dada niwekee sita za nyama nipitie kesho kabla ya uwanja wa ndege. Chatine weka pembeni. Na yule wa skafu asijue unakaa wapi.

Dada_wa_Wedding
Kaka yangu, yuko hapa sebuleni anakula.