Marejea, fiwi au utupa: kipi nipande kwenye shamba lililochoka?

Kijana wa Mbozi

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za mashamba. Niko Mbozi, mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Nina ekari tatu za udongo mwekundu ambazo marehemu baba alilima mahindi mwaka hadi mwaka. Siku hizi mahindi yasipotiwa mbolea ya dukani yanageuka njano yakiwa bado usawa wa goti, na bei ya mfuko wa urea mnaijua. Nataka nipande mimea ya jamii ya kunde irudishe rutuba. Nimetajiwa marejea, fiwi na utupa. Yote ni ya kwetu Afrika na yote nimeiona ikichanua, ila kila ninayemuuliza anasifia aliouzoea. Ekari moja ipo kando ya kijito, hiyo ningependa baadaye iwe ya nyanya. Mbili zitabaki za mahindi. Mjue pia kwamba huku mahindi yakishavunwa ng'ombe wa kijiji kizima huachiwa mashambani. Naomba ulinganisho, hasa kutoka kwa waliolima wenyewe.

Mkulima Songea

Marahaba kijana. Huku Ruvuma marejea si mgeni. Padre Gerold Rupper wa Peramiho aliitangaza kwa bidii miaka ya 1980, na mimi naipanda mpaka leo, kwa hiyo nitaizungumzia hiyo kwanza.

Nguvu yake kubwa ni kasi. Ukimwaga mbegu mvua zinapoanza, baada ya miezi miwili hadi mitatu imeshafunika ardhi, imepita kiuno, na vilele vinaanza kutoa maua ya njano iliyopauka. Hapo ndipo pa kuifyeka na kuifukia. Wengi wanaharibu hapa: wanapenda kuyatazama maua, wanaiacha hadi ifunge maganda. Shina linakuwa na nyuzi ngumu, linachelewa kuoza, na vijidudu vya udongoni vinavyoliozesha vinachukua nitrojeni ileile uliyotaka mahindi yapate. Ifukie ikiwa laini, subiri wiki mbili au tatu, kisha panda.

Kabla hujafyeka, chimba mche mmoja taratibu pamoja na udongo wake, usiung'oe kwa nguvu. Utaona vinundu kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi ya kukamata nitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijani, mmea wako ni majani tu. Marejea haina makuu, bakteria waliomo kwenye udongo wetu mara nyingi wanaitosha, hununui cha kuchanganya na mbegu kama kwenye soya.

Faida ya pili ni magugu. Ikipandwa kwa kubanana inanyima mwanga hata ndago, na shamba linalofuata unalikuta jepesi kwa jembe.

Kwa ekari ya nyanya sina shaka hata kidogo, weka marejea. Minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi ya nyanya, wanaingia kwenye mizizi yake lakini wanashindwa kukua na kuzaana humo, hivyo idadi yao inashuka. Ukipanda nyanya baada yake utaona tofauti kwenye mizizi.

Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa kwako mwenye msimu mmoja: ukiipa shamba lote, mwaka huo huli mahindi. Mimi nagawa. Kipande kimoja kinapumzika na marejea, vingine vina mahindi, mwaka unaofuata nahamisha. Waweza pia kuisia katikati ya mistari ya mahindi baada ya palizi ya pili. Itadumaa kivulini kwa muda, kisha mahindi yakianza kukauka inainuka na unyevu uliobaki. Hutapata majani mengi kama ya marejea iliyopandwa peke yake.

Ngwara Karatu

Ndugu yangu wa Songea amesema vizuri, ila mwenye ekari tatu na familia hawezi kufukia kila kitu. Huku kwetu fiwi tunaita ngwara, na nyingi huvuka mpaka kwenda Kenya. Unapata chakula, unapata fedha, na majani yanabaki shambani.

Panda mahindi kwanza. Baada ya palizi ya kwanza, mahindi yakiwa na wiki tatu au nne, ndipo utie fiwi katikati ya mistari. Ukivipanda siku moja, fiwi itapanda juu ya mahindi na kuyavuta chini. Mzizi wake unakwenda chini sana, kwa hiyo mahindi yakishavunwa yenyewe inaendelea kijani wakati majirani wana mabua makavu tu. Inachanua zambarau au nyeupe kutegemea aina.

Angalia mambo mawili. Maua na maganda machanga yanashambuliwa sana na viwavi watoboaji, na vidukari nao hawako mbali. Fiwi ya kuuza punje haijiendei yenyewe. La pili ni hao ng'ombe wako. Hakuna mnyama anayeiacha fiwi. Kama huna uzio wala makubaliano na wenzako, utakuwa umewalimia wao. Kama una ng'ombe wako mwenyewe hiyo inageuka kuwa neema, maana fiwi iliyochanganywa na mabua ya mahindi ni chakula kizuri kuliko mabua peke yake, na samadi unairudisha shambani.

Mama Njahi

Hamjambo majirani. Niko Murang'a, na hiyo ngwara ikifika huku inaitwa njahi. Mama akijifungua, lazima apikiwe njahi, na ile nyeusi yenye mstari mweupe ndiyo inayotafutwa. Kwa hivyo kijana, kabla hujapanda uliza soko linataka rangi gani, kwa sababu nyeupe na ya kahawia haziendi hapa kwa urahisi. Halafu nikumbushe kuhusu jikoni: punje kavu ziloweke usiku, zichemshe, mwaga maji ya kwanza, kisha upike kwa maji mapya hadi zilainike kabisa. Zina sumu kidogo ambayo huondoka hivyo.

Mzee wa Ileje

Mbona utupa mnauruka? Vijana, utupa ni mti wa mtu mvumilivu. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mashimo ya mita moja kwa mita moja, mwaka wa kwanza unaweza kuwa ndani ya mahindi bila kuyasumbua. Mwaka wa pili unaliachia shamba. Unafika urefu wa mita mbili na zaidi, maua meupe au zambarau yanajaa, majani yanadondoka na kuwa zulia. Kule mashariki mwa Zambia na Malawi watu wamepumzisha mashamba hivyo, miaka miwili ya utupa kisha mahindi. Ng'ombe hawaugusi. Hiyo ni faida ambayo fiwi haina.

Tena majani yake ni dawa. Unakausha kivulini, unatwanga, unachanganya unga na maharage ya ghalani, wadudu watoboaji wanapungua sana. Maji yake watu wanaogeshea ng'ombe kuua kupe. Wengine wanaupanda pembezoni mwa shamba kufukuza fuko.

Bwana Shamba Mstaafu

Mzee shikamoo. Yote uliyosema nayaunga mkono kwa shamba la mahindi lililo mbali na maji. Kwa ekari ya kijito, nakataa kabisa, na naomba kijana anisikilize.

Kwanza, sumu ya utupa ni rotenoni na jamaa zake, na kiumbe anayeumia haraka zaidi ni samaki. Ndiyo maana zamani wavuvi waliuponda na kuutia mtoni, na ndiyo maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Majani yanayofyekwa kando ya kijito, au maji ya kuogeshea ng'ombe yakimwagwa hapo, yanamaliza samaki na wadudu wa majini wa walioko chini yako.

Pili, minyoo fundo wanaupenda utupa. Wanazaliana kwenye mizizi yake vizuri tu, na vivyo hivyo kwenye sesbania, mti mwingine wa jamii ya kunde. Ukimaliza miaka miwili ya utupa ukaweka nyanya au tumbaku, umewaandalia minyoo karamu. Hapo marejea na utupa vinapingana moja kwa moja ingawa vyote ni jamii ya kunde na vyote vinarutubisha udongo. Mtu asikuambie "panda jamii ya kunde yoyote". Uliza kwanza zao gani linafuata.

Tatu, kuhusu dawa. Utafiti uliofanywa Malawi ulionyesha kwamba utupa una namna mbili ambazo kwa macho huwezi kuzitenganisha kirahisi. Moja ina rotenoni, nyingine haina na haiui wadudu. Kwa hiyo mtu akikuambia amejaribu haukufaa, usimwite mwongo. Chukua mbegu kutoka kwa mti ambao mwenyewe umeona majani yake yakifanya kazi ghalani. Na unga ukikaa juani nguvu inaisha, jua ndilo linalovunja sumu hiyo.

Mzee wa Ileje

Marahaba mwanangu. La minyoo nakubali, sisi huku hatulimi nyanya baada yake, ni mahindi na maharage. La kijito nalo ni haki. Apande mlimani.

Dada wa Busia

Mimi nashangaa hakuna aliyekula! Marejea mnayofukia huko sisi magharibi mwa Kenya ni mboga, tunaita mitoo. Mnafukia mboga ya wiki nzima.

Ziko mbili. Moja ina majani ya kijani kinachong'aa, maganda manene yaliyovimba, na ladha yake ni laini: hiyo ndiyo marejea yenu. Nyingine majani yana rangi ya kijani inayoelekea bluu, maganda membamba, nayo ni chungu. Wazee wanapenda hiyo chungu, watoto wanataka ile laini. Kwa mboga tunapanda mistari ya sentimita 30, tunang'oa iliyobanana na kuipika hiyo hiyo kwanza, kisha tunakata vilele ili itoe matawi. Ukiendelea kukata, inachelewa kuchanua na unakula muda mrefu.

Kupika: majani tu, bila mashina. Yachemshe na munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharage, au magadi kidogo kama huna. Hiyo chungu changanya na mrenda au majani ya kunde. Mwishoni tia maziwa, acha ichemke polepole; ikilala na kupashwa kesho yake ndiyo inakuwa tamu zaidi. Kwa hiyo kijana, vuna vilele wewe na mama yako kwa mwezi mzima, kisha fukia iliyobaki.

Mfugaji Chipukizi

Dada, kama watu wanakula, basi naweza kuwapa mbuzi na kuku?

Bwana Shamba Mstaafu

Majani machanga ya hizi mbili yaliyopikwa yameliwa miaka mingi. Lakini jamii nzima ya marejea ina ndugu wengi, na baadhi yao wana sumu inayoharibu ini polepole, hasa kwenye mbegu. Usiokote tu mmea wa porini wenye ua la njano ukasema ni mitoo. Na mbegu usiwaachie kuku, wala usizichanganye kwenye pumba. Kwa mbuzi, mpe fiwi, sababu ya kuhatarisha haipo.

Kijana wa Mbozi

Nawashukuru sana wote. Nimeamua hivi: ekari ya kijito marejea msimu huu, tutakula vilele, kisha nafukia, nyanya baadaye. Ekari ya pili mahindi na fiwi katikati, na nitazungumza na mwenyekiti wa kitongoji kuhusu ng'ombe kabla ya mavuno. Ekari ya juu kabisa, iliyochoka kupita zote, utupa kwa miaka miwili. Swali la mwisho: mbegu za marejea nazipata vipi za mwaka unaofuata kama naifukia yote ikichanua?

Mkulima Songea

Acha mistari michache pembeni, usiifyeke. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao, ndio wanaoihudumia vizuri, usiwafukuze. Chunguza maganda machanga mara kwa mara, kuna kiwavi wa kipepeo mdogo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi, anaingia ndani na kumaliza mbegu. Mtoe kwa mkono. Maganda yakikauka yanalia kama njuga ukitikisa tawi. Vuna asubuhi yakiwa na umande, maana mchana yanapasuka na kumwaga. Anika juu ya turubai, piga kwa fimbo, pepeta. Ukikwama mbegu ya kuanzia, niandikie faragha, ninayo ya kutosha kukupa.