Tupeane uzoefu: soketi imekufa au fyuzi imeungua, tatizo ulilikuta wapi?

Mwanzisha mada (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Soketi tatu za sebuleni kwangu zilikufa kwa mpigo. Taa zinawaka, friji jikoni inanguruma, breka zote kwenye meni swichi ziko juu. Jirani akashauri ninunue soketi mpya tatu.

Fundi aliyekuja hakugusa hata moja kati ya hizo. Aliuliza ni soketi gani inatangulia kwenye laini hiyo ikitokea meni swichi. Ilikuwa ya korido, nyuma ya kabati, ile tunayochomeka pasi, na ilikuwa inafanya kazi. Akashusha meni, akaifungua. Skrubu ya laivu (waya unaoleta umeme) imelegea, waya unaotoka kwenda sebuleni umeungua mpaka gamba limekuwa jeusi.

Nyumba zetu nyingi soketi zake zinapokezana: waya unaingia ya kwanza, unatoka unakwenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Kiungo kikiachia njiani, zote za mbele yake zinazimika, nayo yenyewe inaweza kuendelea kama kawaida. Skrubu iliyolegea inapata joto kila kifaa kizito kikichomekwa, na joto hilo linazidi kuilegeza. Akakata kipande kilichoungua, akamenya waya upya, akaweka soketi moja mpya. Sebule ikarudi.

Tunahukumu soketi iliyokufa, kumbe ugonjwa uko nyuma yake. Karibuni, kila mtu aseme yake ilikuwa wapi.

Mchangiaji (Moshi)

Kabla ya kufungua ukuta, angalieni plagi. Hizi plagi zetu za pini tatu za mraba zina fyuzi ndani. Chomeka chaja ambayo una uhakika ni nzima. Ikichaji, soketi haina kosa, fungua plagi ya kifaa chako. Kwangu ilikuwa birika. Fyuzi ya ampea 13 imekatika, basi.

Mchangiaji (Tabata)

Yangu ilimchanganya hata kijana wa kwanza aliyekuja. Soketi haitoi kitu, lakini tesita ya bisibisi inawaka kwenye matundu yote mawili. Akasema kuna laivu mbili. Fundi mtu mzima alipofika akaniambia nichomoe kila kitu kwenye laini hiyo: televisheni, king'amuzi, feni. Akapima tena, tundu moja likazima. Akasema hapohapo, "Mama, hii ni nyutro imekatika."

Alinieleza hivi. Umeme unaingia kwa laivu, unapita ndani ya televisheni, unataka kurudi kwa nyutro, unakuta njia imekatika. Kwa hiyo ule waya wa nyutro nao unabaki na umeme. Hapo ndipo watu wanapopigwa shoti. Kifaa hakiwaki, mtu anadhani hakuna umeme, anashika waya. Tafadhali sana, soketi kuwa kimya si ruhusa ya kuishika. Mkatiko ulikuwa kwenye kisanduku cha maungio juu ya dari, waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni.

Mchangiaji (Morogoro)

Mimi nina uchungu na fyuzi za kufoji. Nilihamia nyumba ya kupanga, jikoni kuna ekstensheni imeachwa. Siku ya kwanza nimechomeka birika na jiko dogo la umeme, nikasikia harufu ya plastiki. Ndani ya plagi hakuna fyuzi, kuna karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa.

Pigeni hesabu. Birika langu ni wati 2000, jiko wati 1500, jumla 3500. Gawanya kwa volti 230, unapata zaidi ya ampea 15. Huo ni mzigo unaozidi kiwango cha fyuzi ya 13. Ile karatasi ingebeba mzigo wote bila kukatika, na ambacho kingeungua ni waya, kisha pazia, kisha watoto wetu. Fyuzi ni vitu vya bei ndogo kabisa dukani. Na redio au taa ya mezani yenye waya mwembamba iwekeeni ya ampea 3, kwa sababu fyuzi kazi yake ni kulinda waya.

Mchangiaji (Mombasa)

Kwetu ni mvua na hewa ya chumvi. Kila ikinyesha usiku, kile kifaa chenye kitufe cha T, kinachokata umeme ukivuja, kinaruka na nyumba nzima inakosa stima. Nilishusha breka zote, nikakiinua, nikapandisha moja moja. Nilipofika ile ya veranda, kikaruka. Soketi ya nje ilikuwa imeota kutu ndani, maji yanaingia kwa juu. Tumeweka ya kufunikwa, yenye mpira, na tangu hapo twalala na stima.

Fundi umeme (Mwanza)

Hongera dada wa Mombasa, huo ndio mpangilio. Niongeze jambo moja. Breka nyingi za majumbani zinakata laivu peke yake. Kwa hiyo nyutro ikigusana na erthi (waya wa ardhini) mahali fulani, kifaa hicho cha kitufe cha T kinaweza kuruka hata breka husika ikiwa chini. Msimlaumu fundi akichelewa kuipata, inabidi atenganishe nyutro moja moja.

Ukitaka kufungua soketi mwenyewe, shusha meni, kisha pima. Ila jaribu tesita kwanza kwenye soketi inayofanya kazi, kabla ya kushusha, maana tesita mbovu haikwambii kwamba ni mbovu. Breka ikiruka mara tu unapoipandisha, usiilazimishe. Kwa kazi ya waya ndani ya ukuta, tafuteni mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania.

Mwanzisha mada

Asante fundi. Je, taa kung'aa kupita kiasi ghafla, halafu kwa jirani zinafifia, nako ni ndani ya nyumba?

Fundi umeme (Mwanza)

Hapana mkuu. Hiyo mara nyingi ni nyutro ya nje, kwenye laini ya nguzo. Volti za kwako zinaweza kupanda mbali juu ya 230 na kuunguza kila kilichochomekwa. Usianze kuchomoa kimoja kimoja. Shusha meni, mwambie na jirani ashushe yake, halafu pigeni simu ya dharura TANESCO. Msipandishe mpaka waliokuja wapime volti mbele yenu.